Namba 4,294,967,297 na majirani zake

Ndugu wasikilizaji,

Namba ninayotaka kuizungumzia leo ni 4,294,967,297, yaani bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, elfu mia tisa sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Ina tarakimu kumi tu, nao wanahisabati wa siku hizi wanashughulika na namba zenye mamilioni ya tarakimu. Hata hivyo nimeichagua hii kwa sababu tabia zake, zile zilizo wazi na zile zilizojificha kwa muda mrefu, zote zinatokana na jinsi ilivyojengwa. Imejengwa hivi: chukua 2, izidishe kwa 2 tena na tena mpaka ufikie kipeo cha 32, kisha ongeza 1. Kwa alama za hisabati tunaandika 2³² + 1. Ukiiandika kwa kizio cha mbili, kile kinachotumia 0 na 1 peke yake, unapata 1, kisha sifuri 31, na mwishoni 1 nyingine.

Historia yake inaanzia Ufaransa mwaka 1640. Pierre de Fermat, mwanasheria aliyefanya hisabati kwa mapenzi yake, alizitazama namba zinazopatikana kwa kuongeza 1 kwenye vipeo vya 2. Aliona kwamba kipeo chenye kigawo witiri kikubwa kuliko 1 hakifai kitu kwa mtu anayetafuta namba tasa: 2⁶ + 1, kwa mfano, ni 65, nayo inagawanyika kwa 5, ambayo ni 2² + 1, na jambo hilo hutokea kila mara. Vipeo vinavyobaki ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, kila kimoja maradufu ya kilichotangulia. Vitano vya kwanza vinatoa 3, 5, 17, 257 na 65,537, na zote tano ni tasa: hazigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa zenyewe. Ya sita ni hii yetu. Fermat aliamini kwamba nayo ni tasa, na kwamba zote zitakazofuata, bila mwisho, zitakuwa tasa vilevile. Aliieleza imani hiyo katika barua zake, na kwa kumtendea haki ni lazima tuseme kwamba alikiri hana uthibitisho.

Imani hiyo ilidumu karibu karne nzima. Mwezi Desemba 1729 Christian Goldbach alimwandikia Leonhard Euler, aliyekuwa na umri wa miaka 22, akamuuliza kama analifahamu dai la Fermat. Mwanzoni Euler hakuonesha kuvutiwa sana. Kufikia mwaka 1732 alikuwa na jibu, nalo linatosha mstari mmoja:

4,294,967,297 = 641 × 6,700,417.

Yeyote mwenye kalamu anaweza kuzidisha na kuhakikisha, na kuanzia hapo dai la Fermat halikuwa na nguvu tena. Swali lenye uzito ni jinsi mtu anavyoweza kuifikia 641. Mtu asiye na mwongozo angejaribu namba tasa moja baada ya nyingine, 3, 5, 7, 11, 13, akiwa hajui atafika wapi. Kipeuo cha pili cha namba yetu kinazidi 65,536 kidogo sana, na chini ya hapo kuna namba tasa 6,542. Kwa bahati 641 ni ya 116 katika orodha, lakini hakuna ajuaye bahati hiyo kabla ya kuanza, na kama namba ingekuwa tasa kweli angelazimika kuzimaliza zote. Euler alieleza baadaye njia iliyo bora zaidi, na kwa maoni yangu sifa yake kubwa katika jambo hili ni njia hiyo kuliko ugawanyaji wenyewe.

Naomba mnivumilie niieleze kikamilifu. Chukua namba tasa yoyote witiri, tuiite p. Andika vipeo vya 2 kwa mfuatano: 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, kila kimoja kigawanye kwa p na uandike baki lake. Mabaki hayo hujirudia kwa mzunguko. Kwa p = 7, mabaki ni 2, 4, 1, kisha 2, 4, 1 tena, hivyo urefu wa mzunguko ni 3. Kutokana na kanuni ambayo Fermat mwenyewe aliitaja mwaka uleule wa 1640, tunajua kwamba urefu wa mzunguko ni lazima uigawanye p − 1 bila baki. Hapa 3 inaigawanya 6. Sasa tuseme p inaigawanya 2³² + 1. Maana yake ni kwamba 2³² inabakisha p − 1, ambayo katika hesabu ya mabaki ni sawa na kubakisha −1, na kwa hiyo 2⁶⁴, ambayo ni mraba wa 2³², inabakisha 1. Mzunguko basi unafungwa katika hatua ya 64. Haukuweza kufungwa mapema zaidi, kwa sababu urefu wowote mfupi unaoigawanya 64 unaigawanya pia 32, na hapo 2³² ingebakisha 1 badala ya −1. Urefu ni 64 kamili, 64 inaigawanya p − 1, na kila kigawo tasa cha namba yetu ni lazima kiwe kigawe cha 64 kilichoongezwa 1.

Tazameni jinsi uwanja wa kutafutia ulivyofinyika. Namba zenye umbo hilo ni 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577 na 641. Tukiondoa zile zisizo tasa, tunabaki na 193, 257, 449, 577 na 641: jaribio la tano linafanikiwa. Mwaka 1878 Édouard Lucas aliufinya uwanja zaidi, akaonesha kwamba 64 inaweza kubadilishwa na 128. Hapo zinabaki 257 na 641 tu, na 257, kama nitakavyoeleza punde, haiwezi kuigawanya namba yetu. Kwa hiyo 641 ndiyo namba ya kwanza kabisa inayostahili kujaribiwa. Kilichoonekana kuwa kazi ya maelfu ya hesabu ni hesabu moja.

Kuna njia nyingine ya kuona kwamba 641 ni kigawo, isiyohitaji mzunguko wala ugawanyaji mrefu, nami naihesabu kati ya vitu vizuri kabisa katika hisabati ya namba. Inategemea ukweli kwamba 641 inaandikika kwa namna mbili. Kwanza, ni 640 + 1, na 640 ni 5 × 2⁷. Pili, ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴. Andika 2³² kama 16 × 2²⁸, kisha badala ya 16 weka 641 − 625. Unapata 641 × 2²⁸, ukitoa 625 × 2²⁸. Na hiyo ya pili ni 5⁴ × 2²⁸, yaani (5 × 2⁷)⁴, ambayo ni 640⁴. Kwa hiyo:

2³² + 1 = 641 × 2²⁸ − (640⁴ − 1).

Kilichomo ndani ya mabano ni tofauti ya miraba, nayo inavunjika kuwa 639 × 641 × (640² + 1). Pande zote mbili za alama ya kutoa zina 641, hivyo 641 inaigawanya namba nzima. Hesabu hii inatupa hata kigawo cha pili bila kuomba: ni 2²⁸ − 639 × 409,601, yaani 268,435,456 − 261,735,039, ambayo ni 6,700,417.

Je, 6,700,417 yenyewe ni tasa? Hapa kanuni ya Lucas inatusaidia kwa ukarimu wa ajabu. Kigawo chake chochote kilicho tasa ni kigawo cha namba yetu pia, hivyo ni lazima kiwe kigawe cha 128 kilichoongezwa 1. Na kama haikuwa tasa, ingekuwa na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, ambacho ni pungufu ya 2,589. Namba tasa zenye umbo hilo chini ya kikomo hicho ni tano: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Ukigawanya 6,700,417 kwa hizo, unabakiwa na 170, 44, 120, 334 na 622. Hakuna inayogawanya, kwa hiyo ni tasa, na namba yetu ina vigawo vinne tu: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe.

Kugawanyika kwa namba yetu kulijificha pia katika miraba. Namba yetu kwa muundo wake ni jumla ya miraba miwili, 65,536² + 1². Fermat alijua kwamba namba tasa ambayo ikigawanywa kwa 4 inabakisha 1 huandikika kama jumla ya miraba miwili kwa njia moja tu, ukiacha kubadilisha mpangilio. Euler ndiye aliyetoa uthibitisho. Kwa hiyo yeyote ambaye angepata njia ya pili angekuwa amethibitisha kwamba namba si tasa, hata kama hajui kigawo chake hata kimoja. Njia ya pili ipo: 62,264² + 20,449². Mraba wa kwanza ni 3,876,805,696, wa pili ni 418,161,601, na jumla yake ni namba yetu kamili. Asili yake inaonekana tukitazama vigawo. 641 ni 25² + 4², na 6,700,417 ni 2,556² + 409². Zidisha 25 kwa 2,556 upate 63,900. Zidisha 4 kwa 409 upate 1,636. Ukizijumlisha unapata 65,536, na ukizitoa unapata 62,264. Vivyo hivyo 25 × 409 ni 10,225 na 4 × 2,556 ni 10,224: tofauti yao ni 1, na jumla yao ni 20,449. Ile 1 ndogo iliyo mwishoni mwa 2³² + 1, ambayo tuliiona kama nyongeza tu, ni tofauti kati ya mazao mawili yaliyokaribiana kiasi hicho.

Sasa niwapeleke kwa majirani. Ukitoa 2 kwenye namba yetu unapata 4,294,967,295, jirani witiri wa chini yake. Huyu hafichi chochote:

4,294,967,295 = 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537.

Ni zao la namba zote tano za Fermat zilizotangulia. Jambo hili si bahati. Anza na 3 × 5 = 15, ambayo ni 17 − 2; 15 × 17 = 255, ambayo ni 257 − 2; 255 × 257 = 65,535; na kila hatua inatumia tofauti ya miraba ileile, kwa sababu 2³² − 1 ni 2¹⁶ − 1 ikizidishwa kwa 2¹⁶ + 1. Matokeo yake ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Namba yoyote inayoigawanya mojawapo ya zile tano inaigawanya 4,294,967,295; kama ingeigawanya na namba yetu pia, ingelazimika kuigawanya tofauti yao, ambayo ni 2, na hilo haliwezekani kwa namba witiri kubwa kuliko 1. Ndiyo maana 257 iliondolewa kabla ya kujaribiwa. Na kwa kuwa hoja hii inafanya kazi kwa mfuatano mzima, hakuna namba mbili za Fermat zenye kigawo tasa cha pamoja. Kila moja inaleta namba tasa mpya, na kwa hiyo namba tasa hazina mwisho. Goldbach aliiandika hoja hiyo katika barua kwa Euler mwaka 1730.

Jirani huyu ana umaarufu mwingine upande wa jiometria. Mwaka 1796 Carl Friedrich Gauss, akiwa kijana wa miaka 18, aligundua kwamba poligoni sawa yenye pande 17 inaweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake, jambo ambalo hakuna aliyelijua tangu enzi za Wagiriki wa kale. Kitabu chake cha mwaka 1801 kilieleza kanuni ya jumla, na Pierre Wantzel akaikamilisha mwaka 1837: poligoni yenye idadi witiri ya pande huchorwa kwa njia hiyo ikiwa, na ikiwa tu, idadi hiyo ni namba tasa ya Fermat au zao la namba tasa za Fermat zilizo tofauti. Tunazijua namba tasa za Fermat tano tu, hivyo poligoni kubwa kuliko zote zinazojulikana za aina hiyo ina pande 4,294,967,295.

Nami siwezi kuliacha jambo hili bila kutaja pembetatu ya Pascal, ile ambayo kila namba ndani yake ni jumla ya mbili zilizo juu yake. Weka 1 mahali penye namba witiri na 0 mahali penye namba shufwa, kisha soma kila mstari kama namba ya kizio cha mbili. Unapata 1, 3, 5, 15, 17, 51, 85, 255, 257 na kuendelea. Mistari 32 ya kwanza inatoa vigawo vyote 32 vya 4,294,967,295, kwa mpangilio kutoka kidogo hadi kikubwa, na mstari wa 32, wenye 1 tupu, ni 4,294,967,295 yenyewe. Ukiondoa ule wa kwanza, kila mstari ni poligoni inayochorwa kwa rula na bikari. Kisha unakuja mstari wa 33: 1, sifuri 31, na 1. Ndiyo namba yetu. Mpangilio wa pembetatu unaendelea bila kusita, lakini uhusiano wake na poligoni unakatika papo hapo, kwa sababu ya 641.

Jirani aliyeko katikati, 4,294,967,296, ni 2³² yenyewe. Kihisabati hana siri, kwani kigawo chake tasa ni 2 peke yake. Anafahamika zaidi kwa kazi yake: ndiyo idadi ya thamani ambazo kompyuta inaweza kuhifadhi katika biti 32, na ndiyo idadi ya anwani zote za intaneti katika toleo la 4 la itifaki yake, zile ambazo ghala lake kuu liliisha mwaka 2011.

Narudi kwenye namba yetu kwa jambo moja zaidi, kwa sababu linaeleza kwa nini ilidanganya kirahisi. Kanuni ya Fermat inasema kwamba namba N iliyo tasa na witiri ni lazima iifanye 2 kwa kipeo cha N − 1 ibakishe 1 ikigawanywa kwa N. Namba nyingi zisizo tasa hushindwa mtihani huo, na hivyo hujulikana bila kutafutiwa vigawo. Namba yetu haishindwi. Kwetu sisi N − 1 ni 2³², nayo inagawanyika kwa 64. Na tulishaona kwamba 2⁶⁴ inabakisha 1. Kwa hiyo inaupita mtihani kutokana na muundo wake tu, na namba zote za Fermat huupita, ziwe tasa au zisiwe. Ni lazima kuuliza kwa namba nyingine badala ya 2. Théophile Pépin alionesha mwaka 1877 kwamba 3 inafaa: namba yoyote ya Fermat iliyo kubwa kuliko 3 ni tasa ikiwa, na ikiwa tu, 3 kwa kipeo cha nusu ya N − 1 inabakisha −1. Namba yetu inashindwa hapo.

Wadogo zake, ukubwa wao ukipanda kwa kasi ya kutisha, wamefuata njia yake badala ya njia ya wale watano wa mwanzo. Inayofuata, 2⁶⁴ + 1, yenye tarakimu 20, ilivunjwa na Fortuné Landry mwaka 1880, akiwa mzee wa miaka 82: ni 274,177 × 67,280,421,310,721. Iliyofuata hiyo, yenye tarakimu 39, ilisubiri kompyuta hadi mwaka 1970. Mtihani wa Pépin ulitumika mwaka 1999 kuonesha kwamba 2 kwa kipeo cha 16,777,216, ikiongezwa 1, si tasa, na hakuna kigawo chake hata kimoja kinachojulikana. Tukihesabu kwa idadi ya mara ambazo kipeo kimerudufishwa kutoka 1, namba zote kuanzia ya 5, ambayo ni yetu, hadi ya 32 zinajulikana kuwa si tasa. Ya 33 ndiyo ndogo kuliko zote ambazo hali yake haijulikani. Ina zaidi ya tarakimu bilioni 2.5, nao mtihani wa Pépin kwa ukubwa huo haujafanyika. Linalojulikana juu yake kwa uhakika ni lile lile alilolianzisha Euler na kulirekebisha Lucas: kila kigawo chake tasa, kama ipo siku kitapatikana, kitakuwa kigawe cha 34,359,738,368 kilichoongezwa 1.